Kwa Mfugaji Uliyetuuzia Simba

Bwana Mfugaji mheshimiwa,

Nakuandikia waraka huu kwa taadhima nikiamini kwamba hujasahau ahadi ulizotupa mimi na mume wangu tulipokutafuta kwa ajili ya mbwa wa nyumbani. Maneno yako yalikuwa yamepangwa vizuri mno, na mtu anayepanga maneno namna hiyo huyakumbuka. Tangazo lako lilisema kwamba mbwa wadogo unaowazalisha ni wapole, hukaa ndani ya fleti bila taabu, na hufaa hasa familia zenye watoto wadogo. Nilipopiga simu uliipokea papo hapo, ukanijibu kila swali kwa subira. Subira hiyo naishukuru hadi leo, maana ilidumu kwa muda wote ambao fedha zilikuwa bado mikononi mwetu.

Nianze na lile ulilolisema sawasawa. Simba ni Pomeranian halisi. Manyoya yake ya rangi ya dhahabu yamejaa hadi kifuani, na kama ulivyoahidi, hajazidi kilo mbili na nusu. Kuna watu hapa Nairobi wanaouziwa Spitz wa Kijapani wakaambiwa ni Pomeranian, kisha mbwa anakua na wao wanabaki kushangaa. Wewe hukutudanganya kuhusu aina. Ulichokiacha ni kutueleza kilo mbili na nusu maana yake nini katika nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu, mwenye kilo kumi na nne, ambaye hubeba kila anachokipenda na kukiachia mikono ikichoka.

Mifupa ya mguu wa mbele wa mbwa wa umbo hilo ni myembamba kama penseli, na sehemu iliyo karibu na kifundo hupata damu kidogo, kwa hiyo ikivunjika huunga kwa shida. Mara nyingi plasta haitoshi, na daktari hulazimika kupasua na kuushikiza mfupa kwa chuma. Kuruka kutoka kwenye kochi kunatosha kuuvunja, sembuse kuanguka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama. Daktari aliyempokea Simba siku mwanangu alipomwangusha na mguu ukavunjika hakuhitaji maelezo marefu. Alimpima uzito, akamtazama mwanangu aliyekuwa mlangoni analia, akatikisa kichwa. Jambo lililo la kawaida kiasi hicho kwa madaktari wa wanyama haliwezi kuwa lilimpita mfugaji mwenye uzoefu wa miaka mingi, kama ulivyojitambulisha kwetu. Ndiyo maana siwezi kukudhania kwamba hukujua.

Ulisema pia, na nakumbuka ulilisema kwa sauti ya upole, kwamba mdogo kwa mdogo hawaumizani. Neno hilo lilitutuliza sana. Nimelipima tangu wakati ule, na kwa heshima zote naona kwamba wawili hao huumizana kwa sababu hiyo hiyo ya udogo wao. Mtoto wa chini ya miaka mitano hajui nguvu zake. Hukumbatia kwa shingo, huvuta mkia, humfuata mbwa hata chini ya meza alikojificha. Mbwa wa kimo cha kati mwenye tabia njema husukumwa akavumilia, au huinuka akaenda zake. Mbwa wa kilo mbili hawezi kusukumwa bila kuumia, na akishikwa hawezi kujinasua. Hupiga miayo ilhali hana usingizi, hulamba pua, hugeuza kichwa mpaka weupe wa jicho ukaonekana, hukakamaa mwili mzima. Hizo zote ni njia zake za kuomba aachwe. Mtoto hazielewi, na watu wazima wengi huziona wakacheka na kupiga picha. Baada ya hapo mbwa amebakiwa na meno tu, na uso wa mtoto huyo uko karibu, kwa sababu anakumbatiwa. Watoto wadogo wanaoumwa na mbwa huumwa zaidi usoni, kichwani na shingoni, na mara nyingi na mbwa wanayemfahamu, nyumbani mwao wenyewe.

Hukutuficha, Bwana, kwamba mbwa hawa wana historia ya kifalme. Tangazo lako lilimtaja Malkia Victoria, na ulikuwa sahihi. Mwaka 1888 alipokuwa Florence, Italia, alimpata Pomeranian aliyeitwa Marco, na mapenzi yake kwa mbwa wa aina hiyo yakawafanya Waingereza wawatamani wadogo zaidi na zaidi, hata wakafikia udogo tunaouona leo. Babu zao wa kule Pomerania, kando ya Bahari ya Baltiki, walikuwa mbwa wakubwa kuliko hao kwa mbali. Marco mwenyewe alikuwa na kilo tano na kitu, yaani uzito wa Simba mara mbili. Na malkia wakati huo alikuwa mjane anayekaribia miaka sabini, watoto wake wote wameshakua, na mbwa wake kule Windsor walikuwa na watunzaji walioajiriwa kwa kazi hiyo. Huo ni mfano mzuri uliotuchagulia, maana unaonyesha vizuri mbwa hawa walilelewa kwenye mapaja ya nani. Sisi hatuna watunzaji. Tuna fleti ya vyumba viwili, watoto wawili, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani.

Kuhusu dada huyo nakuomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndiye uliyemsahau kabisa. Kila mwongozo wa kulea mbwa na watoto pamoja husema jambo moja: wasiachwe peke yao, mtu mzima awepo na macho yake yawe kwao. Hata wewe, tulipokuuliza, ulisema, "Mradi muwe mnaangalia." Ushauri wako ulikuwa sahihi. Lakini katika nyumba nyingi za Nairobi, baba na mama hutoka alfajiri kuwahi kazini na kurudi giza limeingia. Anayeangalia ni dada, naye hapo anapika, anafua, anaanika nguo kwenye paa, anamsubiri mtoto mkubwa anayeshuka kwenye basi la shule. Hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kuishi na mbwa ndani ya nyumba. Dada wetu anatoka Kwale, ni Mwislamu, na katika madhehebu ya Shafii aliyolelewa nayo, kama walivyo Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hakulalamika hata siku moja. Alimwekea Simba maji na chakula kwa huruma, akamkinga na jua la barazani. Kumshika, kumnyanyua, kumtenga na mtoto kwa mikono yake, hilo lilikuwa zito kwake, na alikuwa na haki ya kuona hivyo. Basi ulinzi tulioambiwa tuuweke uliwekwa juu ya mtu asiyeweza kuutekeleza. Ungeuliza swali moja tu, nani hukaa na watoto mchana, jibu lingekutosha kutuambia tusubiri miaka michache.

Umri wa Simba nao ulitupa furaha ulipoutaja, kwa sababu ulisema kadiri anavyotoka mapema ndivyo atakavyotuzoea. Ulitukabidhi akiwa na wiki tano. Nimejifunza baadaye kwamba kati ya wiki ya tatu na ya nane mtoto wa mbwa hujifunza kwa mama yake na nduguze jambo ambalo binadamu hawezi kumfundisha vizuri: kupima nguvu ya meno yake. Akimng'ata nduguye kwa nguvu, mchezo unakatika, naye anajua amepita kiasi. Wiki nane ndicho kiwango cha chini kinachokubalika na wafugaji makini, na kwa mbwa wadogo kabisa wengi wao hungoja hadi kumi au kumi na mbili. Kule Uingereza ni kosa kisheria mfanyabiashara kumuuza akiwa chini ya wiki nane. Tena tangu Aprili 2020 kuna sheria inayoitwa kwa jina la Lucy, mbwa mdogo wa aina ya Cavalier aliyeokolewa Wales kutoka kwa wazalishaji wa kibiashara akiwa amedhoofika kwa kuzalishwa mfululizo. Kwa sheria hiyo, anayetaka mtoto wa mbwa England humnunua kwa aliyemzalisha, na humwona pamoja na mama yake mahali alipozaliwa. Sisi ulitupokea kwa ukarimu katika maegesho ya magari ya duka kubwa, ukatuonyesha picha ya mama yake kwenye simu, ukaahidi kwamba wiki inayofuata tungekaribishwa nyumbani kumwona. Mwaliko huo bado tunausubiri.

Ulisema anakula kidogo. Ni kweli, na kwa sababu ni kidogo, hulazimika kuwa mara nyingi. Mtoto wa mbwa wa umbo hilo akipitisha saa nyingi bila kula, sukari ya mwilini hushuka, akalegea, akatetemeka, hata akazimia. Simba alitufanyia hivyo asubuhi moja, na aliyetuokoa ni daktari aliyetuelekeza kwa simu tumpake asali kwenye ufizi. Namba ya kwanza tuliyoipiga ilikuwa yako, kwa kuwa ulituambia tukupigie wakati wowote, usiku au mchana.

Kisha kuna suala la mafunzo. Ulituhakikishia kwamba mbwa wadogo hawahitaji kufunzwa wala kutembezwa, na kwamba ukali ni wa mbwa wa walinzi. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Deborah Duffy, akiwamo James Serpell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichapisha matokeo ya kuwahoji wenye mbwa wa aina nyingi. Walioonekana wakali kuliko wengine, kwa wageni na kwa wenyewe vilevile, walikuwa Dachshund, Chihuahua na Jack Russell, wote wadogo. Miaka miwili baadaye Christine Arhant na wenzake wa Vienna walionyesha kwamba wenye mbwa wadogo huwafunza kwa kusuasua kuliko wenye mbwa wakubwa, hushughulika nao kwa uchache zaidi, na pale ambapo mwenye mbwa habaki na msimamo mmoja, ukali huongezeka. Maana yake ni kwamba mbwa mdogo hafundishwi kwa sababu watu wamesadiki kama unavyosadiki wewe, Bwana, kisha analaumiwa kwa kutojua. Mbwa wa kila aina hutofautiana, nami sitaki kumwonea yeyote kati yao. Lakini wewe uliye na wengi wa kuuza ungeweza kumpa kila mnunuzi nusu saa ya maelezo haya, nayo isingekugharimu chochote.

Sasa nifike kwenye kadi ya chanjo, ambayo nimeihifadhi kwa uangalifu. Imeandikwa vizuri, mihuri yake inasomeka, na inaonyesha kwamba Simba alikwisha kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa siku ulipotukabidhi. Ulituambia kwa fahari kwamba hatuna haja ya kurudi kwa daktari kwa chanjo hiyo mpaka mwaka upite. Nilimwonyesha daktari kadi hiyo siku ya mguu kuvunjika, akauliza mbwa alikuwa na umri gani. Nilipomwambia wiki tano, aliiweka mezani taratibu. Chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa mtoto wa mbwa anapofikisha miezi mitatu. Daktari alituahirishia kuirudia mpaka Simba apate nafuu, na kabla nafuu haijafika, mwanangu aliinama kumbusu akiwa amelala na mguu wake wenye maumivu. Simba alimng'ata shavuni.

Jeraha lilikuwa dogo, na kovu lake halionekani sana. Nataka nikuandikie kile ambacho jeraha hilo dogo lilituletea. Karibu maambukizi yote ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, hutokana na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na nguzo ya mkakati huo ni chanjo za mbwa, yaani kadi kama hiyo uliyotupa. Tuliosha shavu la mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kama inavyoelekezwa, tukakimbilia hospitali, na mhudumu akauliza swali moja: mbwa amechanjwa? Nilikuwa na kadi yako mkononi, na sikuweza kujibu ndiyo. Mwanangu akaanzishiwa sindano za kinga. Mihuri ile mizuri, Bwana, haikumwondolea hata sindano moja.

Huenda ukafikiri nakuchukia wewe na mbwa wako wadogo wote. La. Kuna nyumba zinazowafaa, nami nimeiona moja kwa macho yangu. Dada yangu mkubwa anaishi Nakuru, ni mwalimu mstaafu, watoto wake wamekwenda zao. Simba yuko kwake sasa. Mguu umepona, analala kwenye kiti kilicho chini kisichohitaji kurukwa, anatembezwa jioni kwa mkanda wa kifuani badala ya kola, maana koo la mbwa hawa ni dhaifu, na hajamuuma mtu. Mbwa ni yule yule uliyetuuzia. Kilichobadilika ni kwamba hapigani tena na mikono asiyoiweza. Hata familia yenye watoto wa miaka minane au tisa, wanaoelewa kuketi sakafuni kabla ya kumpakata mbwa na kumwacha akiwa analala au anakula, inaweza kuishi na Pomeranian au Maltese kwa raha. Na kwa kuwa mbwa hawa huishi miaka 12 hadi 16, anayenunuliwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu anaweza kuwapo hata mtoto huyo akiwa anakaribia kumaliza shule ya sekondari, kwa hiyo kungoja miaka mitano si kupoteza kitu.

Najua pia unauza Cavalier, na kwamba unawasifu kuwa ndio wapole kuliko wote kwa watoto. Upole wao ni wa kweli, na ni wazito kidogo, kilo tano hadi nane. Pamoja na hayo, moyo wao una ugonjwa wa vali uliowaenea kiasi kwamba mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norway ilishikilia uamuzi kwamba kuwazalisha namna ilivyokuwa ikifanyika kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Mnunuzi mwenye watoto anastahili kuambiwa hilo pia, kwa sababu atakayewaeleza watoto kwa nini mbwa wao anahema vibaya ni yeye, wewe hutakuwepo. Na aliye na watoto wadogo na hawezi kungoja, mpeleke KSPCA, shirika la kutunza wanyama, akatazame mbwa wazima wa kienyeji wa kimo cha kati, ambao tabia zao zimekwisha kujulikana. Kwa hilo hutapata faida. Nimekuandikia tu kwa sababu ulituambia kwamba unafanya kazi hii kwa mapenzi ya wanyama.

Ulituahidi kwamba mbwa asipotufaa, utampokea bila maswali. Ahadi hiyo ndiyo iliyomfanya mume wangu akubali kulipa siku ile ile. Tulipokuomba uitimize, ujumbe wetu ulisomwa, maana alama za kusomwa tuliziona, na haukujibiwa. Sidai tena umpokee, kwa kuwa amepata mahali pema kuliko alikotoka.

Ninachokuomba ni kingine. Ondoa katika tangazo lako maneno yanayowaita watoto wadogo. Kila anayekupigia muulize watoto wake wana miaka mingapi na nani hukaa nao mchana, na majibu yakiwa kama yetu, mwambie asubiri, kisha umkatalie akisisitiza. Mwache mama wa hao wadogo akae nao mpaka wiki nane zitimie, na wanunuzi wamwone yeye mwenyewe, si picha yake. Kadi za chanjo zijazwe na daktari aliyechanja, kwa tarehe aliyochanja. Yetu nimeiambatanisha nakala yake hapa, pamoja na stakabadhi ya mguu na ile ya sindano za mtoto. Sikuzileta ili unilipe, ila nimeona ni vema uzisome wewe mwenyewe kabla wenye fleti wengine hawajaja na stakabadhi zao.

Namba yangu haijabadilika, na nitapokea simu yako saa yoyote.

Wako kwa heshima,
Mama wa watoto wawili
Nairobi